Mayai Yaliyochemka Kila Saa ya Chai

Hadithi hii hakuna atakayeiamini, na simlaumu mtu. Hata mimi, niliyekuwepo nimeegemea pikapu yangu nikisubiri kupakia vifaranga, kuna siku huamka nikajiuliza: hivi kweli birika la chai liliwahi kukaribia kuua vifaranga wa mashine nzima, bila kuwagusa, bila kutoka kwenye rafu yake, kwa kupitia ukutani tu? Kweli tupu. Na aliyelikamata birika hilo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye akili zake zote amezirithi kwa upande wa mama, hasa kwa mjomba. Naandika haraka kabla hajarudi kutoka kazini, maana ana tabia mbaya ya kusoma juu ya bega la mtu.

Jina lake la nyumbani ni Kidole. Alilipata kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe.

Nyumba ya dada yangu ni nyumba ya watu wasiotaja vitu. Bibi yake Kidole, yaani mama yangu mzazi, ameendesha familia maisha yake yote kwa maneno matatu: kile, hapo, na yule. "We, niletee kile." "Kiweke hapo." "Mwambie yule asisahau ile." Mgeni akisikia anadhani ameingia kwa majasusi. Lakini humo ndani hakuna anayepotea. Kukiwa na baridi ya asubuhi, kile ni shali. Wakishakula, kile ni kijiti cha meno. Mvua ikidondosha tone la kwanza, kile ni nguo zote zilizoanikwa nje, na ole wako uulize. Anayeelewa ni mtoto wa nyumba. Asiyeelewa ni mkwe.

Na hapakuwa na aliyeelewa kama binti huyu. Bibi hajamaliza kusema "niletee", kidole kimeshanyooka, kitu kimeshashikwa. Hakosei. Siku moja nikamjaribu, alikuwa bado mdogo, anachezea vifuniko vya chupa sakafuni. Nikamwambia tu, "Mpwa wangu, yule vipi?"

Hakuinua hata kichwa. "Hajambo. Anasema redio yake uirudishe."

Nikairudisha siku hiyo hiyo. Mtoto wa namna hiyo si wa kumchezea.

Akasoma. Akasoma tena. Akapita pale mjomba wake alipoishia na wala hakugeuka nyuma (mimi na shule tuliachana kwa heshima, kila mmoja akimtakia mwenzake mema), mpaka akaajiriwa kwenye kiwanda cha kutotoa vifaranga kilicho pembezoni mwa mji. Hapo ndipo na mimi ninapochukua mzigo, kwa hiyo nisiambiwe kwamba nasimulia ya kusikia.

Kiwanda chenyewe ni jengo refu la bati jeupe. Ndani kuna chumba kimoja kikubwa chenye mashine nne za kutotolea, kila moja kama kabati la nguo la tajiri, zinanguruma polepole siku nzima kama paka walioshiba. Unapoingia unakanyaga godoro lililolowa dawa, viatu vyako vinalia chwa, chwa, na joto linakukumbatia utafikiri mlikuwa mmepotezana. Ukuta wa mbele una skrini kubwa. Kazi ya Kidole ilikuwa ni ile skrini. Kila mashine ina vipimajoto viwili, kimoja trei za juu na kimoja trei za chini. Vipimajoto vinatema namba mchana kutwa, na Kidole anazigeuza namba kuwa michoro, kila mashine na grafu yake, kila kipimajoto na mstari wake. Joto likienda vizuri, mistari inalala kama nyuzi. Joto likileta ukaidi, mstari unainua kichwa na kila mtu anauona kutoka mlangoni.

Meneja aliipenda skrini ile kuliko chai. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja utosini, na yote haioni. Namba hakuzipenda. "Mimi usiniletee namba, mwanangu," alimwambia Kidole siku ya kwanza. "Nichoree milima na mabonde. Nikiona mlima nitajua kuna kazi."

Aliyemkaribisha Kidole kwenye meza ya kompyuta alikuwa kijana mmoja mrefu, fundi wa vipimajoto na waya zote za mle ndani, anayeitwa Mkato. Jina hilo alipewa kwa kupenda njia ya mkato. Huyu hafungui mlango kama dirisha liko wazi. Hasemi "habari za asubuhi". Anasema "habari", na wewe utajaza mwenyewe.

"Sikiliza," Mkato akamfundisha. "Hii programu ya kuchora imetengenezwa na watu wavivu kama mimi, Mungu awabariki. Huhitaji kuandika maelezo kama wakili. Ukishafungua grafu, unaiambia tu: chora. Basi. Inachora."

"Inachora wapi? Grafu ziko nne."

"Hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye ile uliyoigusa mwisho. Yenyewe inakumbuka. Kuna na njia nyingine, ya wazee: unaipa kila grafu jina, halafu kila ukitaka kitu unaita kwa jina. Wewe grafu ya mashine ya kwanza, chora mstari huu. Wewe grafu ya mashine ya kwanza, andika kichwa hiki. Wewe grafu ya mashine ya kwanza, hivi na hivi. Utazeeka hapo kwenye kiti."

Kidole akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni Bibi!" akasema. "Wamemweka Bibi yangu ndani ya kompyuta!"

Siku ile alirudi nyumbani anaruka kama mbuzi wa mvua. Lugha ya kile na hapo, lugha aliyonyonya, sasa ilikuwa inamlipa mshahara. Akaandika programu nzima kwa njia ya mkato: chora, andika, paka rangi, chora. Fupi, nyepesi, tamu. Mkato akampiga kofi la bega. Meneja akapata milima na mabonde yake. Na kwa miezi kadhaa mambo yakaenda, tena yakaenda vizuri, maana Kidole alizigusa grafu kwa mpangilio ule ule kila siku: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Iliyoguswa mwisho ndiyo iliyokusudiwa. Bibi mwenyewe asingeshinda hapo.

Sasa nikutajie Mama Joto, halafu hutasema sikukuambia.

Mama Joto alikuwa mwangalizi wa mashine ya pili. Mwanamke mpana, sauti ya kengele, asiyejua kunong'ona hata msibani. Alikuwa na desturi ya kuweka shavu lake kwenye ubavu wa mashine kila anapopita, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha anaitukana kidogo kwa mapenzi. Mashine yake ilikuwa kuukuu kuliko zote. Kipimajoto chake cha chini kilishakufa zamani, kwa hiyo kwenye skrini grafu ya mashine ya pili ilikuwa na mstari mmoja tu, wa juu, wakati wenzake wana miwili miwili. Watu walimtania. "Mama Joto, grafu yako ina jicho moja!" Na yeye: "Jicho moja linalolala mapema, ninyi yenu mawili yanakesha kwenye umbea!"

Lakini chini ya utani palikuwa na jambo. Mara iliyotangulia mashine ya pili ilizidiwa na joto, mayai yakaharibika, na Meneja, pamoja na upole wake wote, alisema mbele za watu: "Mama, yakiharibika tena, mashine hii naizima, na wewe upumzike nyumbani." Kupumzika nyumbani, kwa mwanamke yule, ni kifungo.

Mkato akaleta kipimajoto kipya cha kuziba lile pengo. Ila mayai ya mashine ya pili yalikuwa yamebakiza siku chache kuanguliwa, na siku za mwisho mlango wa mashine haufunguliwi kwa sababu yoyote. Ukiufungua, unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumganda kifaranga kama shati lililolowa, anakufa akiwa ameshaanza kugonga. Hiyo ni sheria ya mle ndani, hata paka wa kiwanda anaijua. Basi Mkato akasema kipimajoto kitasubiri vifaranga watoke. Kwa sasa atakijaribu tu kama kina akili. Mchana akakitundika kwenye rafu ya chumba cha chai, kikaanza kuhifadhi namba zake, na jioni akamwambia Kidole, "Kifungulie kisanduku chake pale pembeni ya skrini tuone namba zake kwa siku moja mbili."

Ilikuwa saa ya kutoka. Kidole ameshavaa mkoba begani. Akafungua kisanduku cha tano kwenye skrini, kitupu, akakiandika juu: Jaribio. Kabla hajaendelea, jicho lake likaona kwamba kichwa cha grafu ya mashine ya pili kimekaa upande wakati vya wenzake vimekaa katikati. Binti wa watu hapendi kitu kilichokaa upande. Akaigusa grafu ya mashine ya pili, akakisogeza kichwa chake mpaka kikanyooka. Akaridhika. Kisha akaandika: chora.

Na programu, kwa utiifu wa ajabu, ikachora. Akazima taa ya meza, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilifika na pikapu kuchukua vifaranga wa mashine ya kwanza. Sijazima injini, nikasikia ukelele ndani. Ukelele wa kwanza ulikuwa wa furaha.

"Kimefufuka!" Meneja alikuwa anashangilia. "Kipimajoto cha chini cha mashine ya pili kimefufuka! Njooni muone, ina mistari miwili!"

Na kweli, kwenye grafu ya mashine ya pili, iliyokuwa na jicho moja, sasa palikuwa na mstari wa pili, mwekundu, mpya. Mama Joto akapiga vigelegele kabla hajautazama vizuri. Kidole, aliyekuwa ndiyo kwanza anaweka mkoba mezani, akapiga makofi pamoja na wengine. Nani hapendi muujiza asubuhi?

Halafu wakautazama ule mstari.

Ulikuwa umelala chini sana, chini kuliko yai linavyovumilia, kama mashine imeachwa wazi. Kisha ghafla ukapanda mlima mmoja mrefu ambao yai lolote likiupanda linashuka limeiva. Kisha ukalala tena baridi. Kisha mlima mwingine. Kisha baridi. Kisha mlima.

"Mama," Meneja akasema polepole, akishusha miwani ya utosini juu ya miwani ya usoni, "mayai yako yanalala kwenye barafu na kuamka kwenye sufuria."

"Uongo!" Mama Joto akakimbilia mashine, akabandika shavu. "Iko sawa! Njoo uguse!"

"Sasa hivi iko sawa. Na jana ilikuwa sawa? Ona mlima huo, ni wa jana alasiri. Na ule wa usiku. Na huu wa alfajiri. Mama, haya ni mayai ya kuchemsha."

Mtu mmoja wa mashine ya nne akauliza kama kuna chumvi. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mlangoni.

Meneja akaanza kuvaa glavu. Mayai yaliyokufa hayawekwi ndani ya joto. Yanavimba gesi, yanapasuka kama baruti, na harufu yake haiondoki mpaka wajukuu. "Tunafungua," akasema. "Tunatoa yote, tunatupa, tunazima."

Mama Joto akasimama mbele ya mlango wa mashine ya pili, mikono ameitandaza, mgongo ameubana kwenye mpini. "Ukifungua umewaua. Wapo hai humu. Nimewasikia wanagonga."

"Mama, sogea."

"Sisogei. Unipitie hapa hapa na glavu zako."

Meneja akageuka. Alikuwa mtu wa haki, hataki kuua kwa macho yake mwenyewe tu. "Kidole. Wewe ndiye mwenye skrini. Ule mstari ni wa kweli au si wa kweli?"

Wote wakamtazama. Hapo ndipo mpwa wangu, msomi wa ukoo, alipofanya kitu ambacho hata leo akikikumbuka anafunika uso kwa mto. Alijivuna. Hajawahi kukosea kile wala hapo tangu azaliwe, atakosea leo?

"Grafu hazisemi uongo, Meneja," akasema. "Zinachora zilichopewa."

Mama Joto alimtazama, na mwanamke yule asiyejua kunong'ona akanong'ona: "Na wewe, mwanangu?"

Kidole akageukia skrini ili asiyaone yale macho. Na wakati Meneja anamsihi Mama Joto asogee kwa hiari, na Mama Joto anamweleza ukoo wa Meneja ulikotoka, sauti ya mpika chai ikapaa kutoka kule ndani, ya kuimba, kama kila siku saa hiyo: "Chai jikoniii! Inachemkaaa!"

Na pale ukutani, mstari mwekundu ukainua kichwa.

Kidole akapepesa macho. Mstari ukapanda. Akaangalia mashine ya pili: imefungwa, Mama Joto ameiziba kama kizibo. Akaangalia mstari: unapanda, unapanda kwa furaha. Akautazama mlima wa alfajiri: hiyo ni chai ya walinzi wanaobadilishana zamu. Mlima wa usiku: chai ya walinzi wanaoingia. Mlima wa jana alasiri: chai yetu sote, na mimi nilikuwepo, nilikunywa vikombe vinne... Mayai gani haya yanayojua ratiba ya chai?

Kisha akaona kisanduku cha tano pembeni. Jaribio. Kitupu. Cheupe. Hakuna hata nukta.

"Mungu wangu," akasema. "Sikusema wapi."

"Nini?" akauliza Mkato.

"Nilisema chora, sikusema wapi! Nilikuwa nimegusa ya pili!"

Akatoka mkuku. Viatu vikalia chwa, chwa, chwa mpaka chumba cha chai. Wakabaki wametazamana, Meneja na glavu zake hewani kama daktari aliyesahau mgonjwa.

Mle ndani birika lilikuwa linapiga mluzi, na mvuke wake unapanda moja kwa moja kwenye rafu, pale ambapo kipimajoto kipya kilikuwa kinaogelea kwa raha zake. Kidole akalinyakua birika akaliweka sakafuni. Mpika chai akashika kiuno. "We mtoto, hilo lina kazi!"

"Mjomba!" Kidole akaniita kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katikati ya milango miwili. "Mstari unafanya nini?"

"Upi?"

"Mwekundu! Wa mashine ya pili! Ule uliokuwa unapanda!" Mnaona? Ameshaanza kutaja.

Nikachungulia. "Unashuka!"

Akakiweka kipimajoto kwenye kiganja, akakifunga ngumi, akakipulizia kama mtu anayewasha mkaa. "Na sasa?"

"Unapanda!" Sasa sikuwa mimi peke yangu, ukumbi mzima uliitikia.

Akakitumbukiza kwenye jagi la maji ya kunywa. "Na sasa?"

"Umeanguka! Umeanguka shimoni!"

"Mayai yameganda!" akapaza mtu wa mashine ya nne. Safari hii watu wakacheka.

Akakitoa, akakipeleka kwapani. "Na sasa?"

"Unapandaaa!"

Basi pakawa hapakaliki. Kila mtu anapiga kelele, "Kipulizie! Kizamishe!" Mstari unapanda na kushuka kama kengele ya shule, Meneja amevua miwani yote miwili na bado anacheka kwa kuona. Mkato ameinama amejishika mbavu. Na Mama Joto, mgongo bado ameubana mlangoni maana hamwamini mtu, machozi yanamtoka, na kila mstari ukipanda anapaza: "Ndiyo hivyo! Kunywa chai, mwanangu! Kunywa!"

Kidole akarudi, kipimajoto mkononi kama mjusi aliyemkamata mkia, nywele zimelowa mvuke. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Joto.

"Mama, nisamehe. Haikuwa mashine yako. Ni chumba cha chai kilichokaa kwenye grafu yako. Mimi nimekiweka."

Mama Joto akamshika masikio yote mawili, kama anataka kumng'oa kichwa, akambusu kwenye paji la uso, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye pikapu. "Mpumbavu wangu wewe," akasema. "Ungenipumzisha nyumbani!"

Meneja akavua glavu. Mlango wa mashine ya pili haukufunguliwa.

Asubuhi ile ile, chai ikiwa imepoa hakuna anayeinywa, Kidole alikaa kwenye kompyuta akaifumua programu yote. Njia ya wazee, ile ya mawakili. Kila grafu akaipa jina. Kila amri akaiandikia inakokwenda: wewe grafu ya mashine ya pili, chora mstari huu, wewe kisanduku cha jaribio, chora huu. Mkato akasimama nyuma yake akihesabu mistari, akiguna kama mzee anayepanda ngazi.

"Unamwita kwa jina kila mara? Yuko hapo hapo, unamwona."

"Mimi namwona. Yeye ananiona?"

"Inakumbuka uliyoigusa mwisho, nilikwambia."

"Ndiyo maana. Bibi akisema kile, anaangalia mvua, anaangalia kamba ya nguo, ananiangalia mimi usoni. Hii haiangalii kitu. Ilishika kidole changu pale kilipokuwa mara ya mwisho, ikadhani ndipo nilipo."

Jioni nilimwona Mkato anaandika jina la kila waya kwenye karatasi ndogo na kuibandika, huku ananung'unika.

Shida ikahamia nyumbani. Wiki ile binti alirudi na ugonjwa wa kutaja. Bibi yake amekaa kibarazani, miguu ameinyoosha, akasema kama alivyosema maisha yake yote: "We, niletee kile."

"Kipi, Bibi?"

Kiti kikalia. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Bibi akamtazama mjukuu wake kama amemwona na pembe. "Amesema nini?"

"Kipi, Bibi? Taja. Viko vingi."

"Mtoto amerogwa," Bibi akaniambia mimi. "Mpelekeni hospitali. Ameniuliza kipi."

"Ni kazi, mama," nikamwambia. "Huko kazini alisema kile, mayai yakachemka."

Ikabidi tumsimulie yote, birika, mvuke, glavu. Bibi alisikiliza mdomo wazi, na tulipofika kwenye kwapa alicheka mpaka akapaliwa, tukampiga mgongo. Kisha akajipangusa macho, akasema: "Haya. Hiyo mashine yenu mnaishi nayo?"

"Hapana, Bibi."

"Ilikulea?"

"Hapana."

"Imewahi kukuona unaumwa, ikakaa na wewe?"

"Hapana, Bibi."

"Basi iiteni kwa jina, yeye na baba yake na mtaa wake, kama mgeni mwingine yeyote. Na mimi niletee kile."

Kidole akamtazama. Jua linashuka, kibaraza kimeanza kupata ubaridi, na bibi yake amevuta vidole vya miguu ndani kidogo. Akaingia ndani akatoka na soksi. Bibi akazipokea bila kusema ahsante, maana nani anamshukuru mtu aliyeelewa?

Siku ya mashine ya pili kufunguliwa nilifika mapema, pikapu nimeiosha. Mama Joto alivaa kitambaa kipya kichwani. Kabla ya kugusa mpini alibandika shavu mlangoni, akatuashiria tunyamaze, na hata mimi nikasikia, nyuma ya bati: tititi, tititi, kama mvua ndogo inayoanza. Meneja alitaka kufungua yeye, akasukumwa. Kidole alikuwa mbele ya skrini, macho kwenye grafu ya mashine ya pili, mstari mwekundu wa uongo haupo tena, wa kweli umelala kama uzi. "Mashine ya pili," akasema kwa sauti, kama anayeita mgeni wa heshima, "fungua!" Na Mama Joto akafungua.

Na hapo, ndugu zangu, mlango haujakaa wazi vizuri, wakatoka vifaranga elfu kumi, wa manjano, wamejipanga mistari miwili miwili, wa trei za juu kulia na wa trei za chini kushoto, wakashuka wenyewe, wakapita kwenye godoro la dawa, chwa, chwa, chwa, wakampigia Mama Joto saluti, wakapanda pikapu yangu mmoja mmoja bila kusukumana, na yule wa mbele, mkubwa wao, akanitazama usoni, akafungua mdomo, akaniambia kwa sauti ya kiume kabisa, akasema hivi, "Mjomba, mimi na wenzangu tunakushukuru sana kwa sababu bila wewe kusimama pale katikati ya milango miwili si—"

"Kifaranga yupi huyo, mjomba?" akauliza Kidole juu ya bega langu. "Mtaje."